Beji ya skauti ya babu yako: igeuze kwanza, maji baadaye

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini, na shuleni nilivaa skafu. Kwa mambo hayo mawili watu huniletea beji kuukuu za skauti, nyingi zikitoka kaskazini mwa mkoa, Kondoa: Haubi, Pahi, Bereko, enzi ambazo kushuka mjini ilikuwa safari ya kuagana. Mjukuu kafungua sanduku la babu, kakuta kitambaa kimefifia, anataka nikifue king'are akakitie kwenye fremu. Namwambia weka chini kwanza. Uchafu tutaushughulikia, ila beji ikishaingia kwenye beseni kuna mambo hutayajua tena.

Anza kwa kuigeuza. Mbele ya beji zinafanana, nyuma kila moja ina lake. Tazama uzi ulioishikilia kwenye shati. Cherehani huacha hatua zilizolingana. Mkono huacha hatua zinazoyumba, na hapo unajua kuna mama au kijana mwenyewe aliyekaa na sindano. Niliwahi kushika moja ya upande wa Haubi iliyoshonwa kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia. Pembeni vilibaki vipande vya nyuzi za kaki, za shati lenyewe, na matundu ya sindano yalikuwa safu mbili, moja ndani ya nyingine. Maana yake ilibanduliwa ikashonwa upya, ama kwenye shati kubwa zaidi, ama kwa skauti aliyerithi. Ungeisugua kwa sabuni, nyuzi zile za kaki zingekwenda na maji. Tazama pia beji ilivyotengenezwa. Ikiwa imetariziwa na nyuma nyuzi ziko wazi, au zimeegemezwa kwenye kitambaa chembamba kama bendeji, huenda ni ya zamani. Yenye mgongo wa plastiki ni ya karibuni zaidi.

Sasa mbele. Jina la nchi ndilo linalosaidia haraka. Iliyoandikwa Tanganyika ilitengenezwa kabla jina Tanzania halijaanza kutumika, Oktoba 1964. Lakini kutengenezwa si kuvaliwa. Kijijini beji haitupwi, na mtu anaweza kuwa aliivaa miaka mingi baada ya Muungano, kwa hiyo andika mambo hayo mawili kwenye mistari tofauti. Ukiona taji la Kiingereza, angalia juu yake: matao yakiwa ya mviringo hadi kileleni ni taji lililotumika enzi za wafalme, yakibonyea katikati ni la enzi za Malkia Elizabeth, aliyeanza kutawala 1952.

Kuna pia madaraja. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, beji ya mwanzo ilikuwa lile ua la petali tatu peke yake. Ya daraja la pili ilikuwa utepe uliopinda wenye maneno ya kuwa tayari, ukining'iniza fundo dogo la kumkumbusha skauti kutenda jema kila siku. Daraja la kwanza iliunganisha vyote viwili. Kwa hiyo mtu akikuletea utepe mtupu akadhani beji imevunjika, mtulize, ni nzima. Nembo ya skauti wa dunia ni ile ya zambarau: petali tatu ni sehemu tatu za ahadi, nyota mbili zina ncha kumi kwa sheria kumi, na kamba imezunguka yote ikafungwa fundo chini. Bibi akikutolea jani la duara tatu, hiyo si ya skauti, ni ya Girl Guides, chama cha wasichana, na ina historia yake inayostahili daftari lake.

Kazi kubwa iko kwa mwenye beji, kama yu hai. Nenda asubuhi, kabla jua halijamchosha. Shikamoo, kaa, kunywa utakachopewa, ndipo utoe beji. Usimuulize "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili kukuridhisha tu. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo hakuna asiyelikumbuka. Kondoa wana alama nzuri kuliko sehemu nyingi: mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Nani atasahau mwaka ng'ombe walipohamishwa? Kuna Azimio la Arusha, 1967, na Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Akisema alikuwa skauti akiwa darasa la nane shule ya msingi, umerudi nyuma zaidi, kabla ya mfumo wa darasa la saba kushika kila mahali.

Halafu mpe kamba. Hili ndilo ninalolipenda. Babu aliyesema hakumbuki kitu, mpe kamba ya katani urefu wa mkono na umwombe afunge fundo walilofundishwa. Vidole vikianza, mdomo unafuata: nani alikuwa kiongozi wa kikosi, walipiga kambi wapi, nani aliunguza ugali. Mwombe pia achore chini alama za njia, zile skauti huwaachia wenzao wanaofuata nyuma. Mshale, msalaba wa usipite huku, na duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri, Kenya, alikofariki 1941, na wazee wengi huchangamka wakiisikia. Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa mbele ya watu wa nyumbani, wasije wakadhani umekuja kununua kiwanja.

Piga picha beji ikiwa bado na vumbi lake: mbele na nyuma, kivulini karibu na dirisha, rula pembeni, bila mwanga wa simu.

Baada ya hapo ndipo usafi. Vumbi letu jekundu ni chengachenga, ukisugua linakata nyuzi. Lipeperushe kwa brashi laini ya kunyolea, kutoka katikati kwenda nje. Mara nyingi inatosha. Ukilazimika kutumia maji, lowesha kitambaa cheupe, kibane kwenye kona ya nyuma na uhesabu hadi sitini. Kikitoka na rangi, acha kabisa. Nyekundu na zambarau ndizo wasaliti wakubwa. Isipotoa rangi, maji baridi na sabuni kidogo ya kipande, kisha ilaze juu ya taulo kivulini. Jik hapana. Pasi pia hapana kwa yenye plastiki, itagandia. Za shaba usizing'arishe kwa majivu na ndimu kama masufuria, unakula maandishi. Futa kwa kitambaa kikavu, na ukungu wa kijani utoe kwa njiti ya meno.

Kutunza Dodoma kuna nafuu, hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Adui ni jua, mchwa na nondo, na mvua za Desemba hadi Aprili. Funga beji kwa kipande cha pamba nyeupe kilichofuliwa bila rangi, weka kwenye mkebe wa bati juu ya rafu, mbali na ukuta wa udongo. Majani makavu ya mwarobaini yanasaidia, lakini yafunge kwenye kifuko chake yasiguse kitambaa. Mfuko wa nailoni uliobanwa hutoa jasho. Gundi na selotepu sizitaki hata kuzisikia. Kwa fremu, shikiza kwa uzi mwembamba ukipitia matundu yaleyale ya zamani, usitoboe mapya.

Mkebeni weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huchuruzika: jina la mwenyewe kama ameridhia, kijiji, shule, kabla au baada ya jambo gani, nani kasimulia, tarehe ya mazungumzo. Nakala moja ya karatasi na picha ipeleke kwenye shule aliyosoma. Beji yenyewe ukipewa kuisafisha, mwandikie mwenyewe hati ya kuipokea, taja na siku ya kuirudisha. Wapo wanaopita vijijini kununua vitu hivi kwa bei ya soda, na mzee ana haki ya kukutilia shaka mpaka ukanyage tena uani kwake na mkebe mkononi.