Kumfundisha mtoto kunawa mikono: namna ya kuweka vidokezo na kuviondoa

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, ambaye mwanawe wa miaka sita, mwenye usonji, alizijua hatua zote za kunawa mikono lakini hakuweza kuzimaliza pasipo kuambiwa. Ishara ni kitu kilichomo katika mazingira yenyewe, kinachomjulisha mtu kwamba tendo fulani sasa litaleta matunda, kama chakula kinapotengwa mezani. Kidokezo ni msaada anaouongeza mwalimu kwa muda: neno, kidole, picha, au mkono unaoongoza mkono. Kidokezo kisipoondolewa hugeuka kuwa ishara, na mtoto hujifunza kumsubiri mwalimu.

Hatua ya kwanza. Chagua ishara moja na usiibadilishe. Sisi tulichagua sahani ya ndizi ikiwekwa mezani.

Hatua ya pili. Hakikisha tendo linalipwa papo hapo, yaani akishanawa, anakula. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza mwaka 1938 kwamba ishara hupata nguvu kwa sababu tendo lililofanyika mbele yake lilizaa matunda. Bila malipo hayo, sahani ni sahani tu.

Hatua ya tatu. Chagua kidokezo utakachoweza kukiondoa. Mimi hupendelea mkono unaoongoza taratibu kutoka nyuma, nao huachiliwa mara moja mtoto akijivuta, kwa maana hakuna sababu ya kumlazimisha. Maneno nayaepuka kadiri niwezavyo, kwa kuwa humtoka mzazi kabla hajafikiri, na anayesema "nawa, nawa, nawa" humfundisha mtoto kungoja neno la tatu. Picha ya ukutani haina shida, hata ikibaki hapo mwaka mzima, kwa kuwa haimfanyi mtoto amsubiri mtu.

Hatua ya nne. Ondoa kidokezo, na hapa naomba usisome haraka, kwa sababu ndipo tulipopoteza wiki tatu. Nilimwelekeza mama aache kusema "Sabuni, baba", naye akaacha, na kwa siku mbili mtoto alinawa vizuri. Siku ya tatu mama alikuwa jikoni akigeuza chapati, na mtoto akasimama mbele ya ndoo ya koki, mikono imelowa, akingoja. Tulijaribu sabuni nyingine, tukahamisha ndoo, tukabadilisha saa ya chakula, bila mafanikio. Hatimaye nilikaa pembeni nikamtazama mama badala ya mtoto, nikaona kwamba kila ilipofika zamu ya sabuni, aliinua kidevu kidogo kuelekea kwenye kisahani cha sabuni, naye hakujua kabisa kwamba anafanya hivyo. Neno lilikuwa limeondoka, kidokezo kilikuwa bado kipo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kufanya hesabu, hadi mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba alikuwa akifuata mienendo midogo ya mwili wa muulizaji. Muulizaji asiyejua jibu hakupata jibu sahihi.

Kwa hiyo simama nyuma ya mtoto, asikoweza kuuona uso wako, kisha chelewesha msaada badala ya kuukata ghafla. Mwanzoni ongoza mkono wake papo hapo; kesho yake subiri sekunde mbili, halafu nne, ukihesabu kimoyomoyo. Mtafiti Touchette alionyesha mwaka 1971 kwamba kidokezo kikicheleweshwa kidogo kidogo, hufika wakati mwanafunzi akajibu kabla hakijatokea, na hapo ndipo unapojua kwamba tendo limehamia kwenye ishara. Mtoto akikosea, punguza muda wa kusubiri. Akiwa hakosei ila anakungoja kila mara, tatizo liko kwenye malipo: mpe kile anachokipenda zaidi pale tu anapoanza mwenyewe, na anapoongozwa mpe chakula cha kawaida.

Hatua ya tano. Badilisha watu na mahali. Kwa bibi yake huko Marangu hakuna koki, maji humiminwa kwa birika, na mtoto alikwama tena. Tulirudisha mkono wa kuongoza kwa milo miwili, tukaanza kuchelewesha upya. Katika daftari andika M akianza mwenyewe na K akipewa kidokezo, na anayeandika asiwe yule anayemnawisha.