Kabla hamjaangusha boksi la graviti ndogo

Wana wa fizikia mnaotaka kujaribu graviti ndogo (ile hali ya vitu kuelea kama havina uzito) hapa Dar, mjue kwanza muda wenyewe ni mdogo mno. Boksi likianguka mita 10 mnapata sekunde 1.4 tu, hata ule mnara wa Bremen kule Ujerumani wenye mita 110 za kuangukia unatoa 4.74, ndege zinazopiga parabola, yaani zinapanda na kushuka kwa upinde, ndo zinafika sekunde ishirini na kitu afu humo watu wanatapika. Kwa hiyo kazi yote iishe kabla hamjaachia.

Amueni mapema mnataka graviti gani. Boksi likianguka lenyewe, vya ndani vinaelea. Mkitaka ya Mwezi, yaani moja ya sita ya hii yetu, fungeni kamba kwenye boksi, ipite kwenye kapi, upande wa pili mning'inize uzito wa 1/11 ya boksi, yaani boksi la kilo 11 kwa kilo 1. Wengi wanaweka moja ya sita afu wanashangaa ndani inasoma kama 0.29 ya graviti yetu, wamesahau ule uzito nao unavutwa juu kwa kasi. Kapi liwe na beringi laini, likikwaruza hesabu yote imekufa.

Simu ya kurekodi iwekeni slomo fremu 240 kwa sekunde, kwenye 30 za kawaida mtaambulia picha arobaini na kidogo tu. Boksi likifungwa ni giza, wekeni taa ya LED ya betri na fokasi mlock kabisa, simu ikianza kutafuta fokasi hewani sekunde yenu imeenda.

Msiachie kwa mkono jamani, mkono unasukuma boksi linaanza kuzunguka. Litundikeni kwa uzi, mkate uzi. Kwa kuanguka bure, yaani bila kamba na kapi, wekeni boksi ndani ya boksi, la nje lipigane na hewa, na fanyeni asubuhi kabla upepo wa bahari haujachachamaa.

Chini magodoro ya sponji, zaidi ya moja, pazungushiwe kamba na mtu wa kuzuia wapita njia (chuo kuna watu wanatembea na earphone masikioni). Kibali cha jengo mapema. Mkitumia mshumaa, ambao moto wake unakuwa duara, fire extinguisher iwe mkononi sio stoo.

Video zikitoka safi zitunzeni, Umoja wa Mataifa una programu inaitwa DropTES ya timu za wanafunzi kuangusha pale pale Bremen.