Kabla Hujabadilisha Triga ya Bunduki Yako ya Kuwindia

Triga mpya, yaani kile kipande unachokivuta kwa kidole ili kufyatua, haiongezi usahihi wa mtutu. Risasi ikishaanza kusafiri ndani ya mtutu, triga imeshamaliza kazi yake. Faida ya triga nzuri ni kwamba inakuwezesha kufyatua bila kuitikisa bunduki ambayo tayari umeilenga vizuri. Hilo si jambo dogo, hasa kwa bunduki ya kilo tatu na nusu yenye triga inayotaka uvutaji wa kilo mbili na nusu. Nalitanguliza kwa sababu wenzetu wengi wanaowinda kulungu huko Marekani, Minnesota, Texas au Pennsylvania, hutoa dola 150 hadi 300 wakitumaini matundu kwenye karatasi ya shabaha yatakusanyika, kisha wanayakuta yametawanyika vilevile. Tatizo lilikuwa skrubu za darubini.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, tafuta ugonjwa. Kaza skrubu za darubini na zile zinazofunga chuma, yaani mwili wa bunduki unaobeba mtutu na boliti, kwenye mti wa bunduki. Jaribu risasi za aina mbili au tatu tofauti, ukiwa umeilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Kama matundu bado yanakimbia, ndipo umgeukie mpigaji na triga.

Kipimo cha kuwatenganisha hawa wawili ni sarafu. Toa magazini, vuta nyuma boliti, ile komeo inayofunga nyuma ya mtutu, angalia kwa macho chemba, pale risasi inapokaa, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine, zisiwe hata juu ya meza ileile. Elekeza mtutu mahali ambapo hata risasi ikitoka haitamfikia mtu. Funga boliti, mwambie mwenzako aweke sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo wake, kisha lenga na uvute triga polepole. Sarafu ikibaki pale mara nyingi mfululizo, triga yako na kidole chako vinaelewana na huna sababu ya kununua kitu. Ikianguka kila mara, mpe bunduki mpigaji mwenye uzoefu arudie. Kwake ikitulia, unachohitaji ni mazoezi. Ikianguka kwake pia, basi triga ina kesi ya kujibu. Bunduki nyingi za kisasa za risasi kubwa hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, lakini zile ndogo za .22 soma kwanza kitabu cha mtengenezaji. Ruger, kwa mfano, wanaruhusu kwa bunduki yao ya 10/22, ila kwenye .22 nyingi za zamani pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, na hizo hutaka risasi bandia.

Sasa tuje kwenye triga yenyewe. Watu huuliza uzito tu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kuna mambo manne ya kuyasikiliza kidoleni. La kwanza ni uzito. La pili ni mkokoto, yaani ule mwendo unaousikia kabla ya kufyatuka, jino la ndani likisugua jino lenzake. Triga yenye mkokoto mbaya huenda kama droo iliyovimba kwa unyevu: inasogea, inakwama, inasogea tena, na wewe hujui ni saa ngapi itaachia. La tatu ni mkato, yaani namna inavyoachia. Na la nne ni mwendo wa ziada, pale triga inapoendelea kurudi nyuma baada ya kuachia, na kidole kikaisukuma bunduki wakati risasi bado imo mtutuni. Mimi ningechagua triga ya kilo moja na nusu inayokatika safi kuliko ya gramu mia saba yenye mkokoto. Ukishajua itaachia wapi, kidole kinaizoea kwa muda mfupi. Triga usiyoijua hukufanya uishtukie, hata ikiwa nyepesi namna gani.

Tumia mizani ya triga. Ni kifaa kidogo cha springi au cha betri chenye ndoano. Vuta kutoka katikati ya upinde wa triga, moja kwa moja nyuma, rudia mara kumi na uandike kila namba. Wastani ni muhimu, ila mtawanyiko ni muhimu zaidi. Triga inayosoma gramu 1,600 mara moja na 2,100 mara ya pili ni mbovu hata kama wastani wake unapendeza. Katalogi za Marekani huandika kwa ratili. Ratili moja ni karibu gramu 454, kwa hiyo ukiona ratili mbili na nusu, hiyo ni kilo moja na kitu.

Kabla ya kununua, tazama pia kama triga uliyonayo inarekebishika. Watengenezaji wa bunduki Savage walitoa AccuTrigger mwanzoni mwa miaka ya 2000, triga ambayo mwenye bunduki anaruhusiwa kuirekebisha mwenyewe, na ina ulimi mwembamba katikati unaozuia jino lisiachie kama kidole hakijaubonyeza. Triga ya bunduki ya Tikka T3x hurekebishwa kati ya kilo moja na kilo mbili hivi. Bunduki ya namna hii mara nyingi haihitaji triga nyingine kwa kuwindia. Inahitaji ufunguo sahihi na kitabu chake.

Uzito uchague kwa kazi. Anayepiga shabaha mezani, bunduki imelala, mikono mikavu, hana haraka, anaweza kutumia triga nyepesi mno. Jewell, kwa mfano, wanatengeneza triga inayoshuka hadi wakia chache, yaani makumi ya gramu tu, na mahali pake ni hapo mezani. Mwindaji ni mtu mwingine. Mapigo ya moyo yako juu, mnyama ametokea ghafla, na Minnesota mwezi wa Novemba kidole kimo ndani ya glovu nene. Kidole hicho hakisikii chochote mpaka kimeshakwenda mbali. Kwa uwindaji wa kawaida, kilo moja na robo hadi kilo moja na tatu robo inatosha kabisa, na kwa anayekwenda kwa mnyama wa hatari kama nyati nisingeshuka chini ya hapo. Chagua uzito wako ukiwa umevaa glovu utakazowindia, usiuchague sebuleni.

Kuna triga za hatua moja na za hatua mbili. Za hatua moja hazisogei, zinakatika tu. Za hatua mbili zina mwendo mwepesi wa mwanzo, kisha ukuta, kisha mkato. Mauser 98 ya asili ni ya hatua mbili, mitambo yake iko wazi na ni rahisi, ndiyo maana haikerwi sana na vumbi. Triga za kisasa zenye usahihi mkubwa zina meno madogo yanayogusana kwa eneo dogo sana, na punje ya mchanga inatosha kuzivuruga. Anayewinda nyika kavu aliweke hilo mbele ya uzito. CZ 550, ambayo wawindaji wengi Afrika wanaifahamu, ina triga inayosukumwa mbele ili iwe nyepesi sana kwa pigo moja. Ni nzuri kwa anayeijua, lakini ukishaisukuma mbele kisha ukaghairi kupiga, mtutu uelekezwe mahali salama na boliti ifunguliwe kabla ya jambo lingine lolote.

Jambo ambalo halina mjadala ni usalama, na mfano wake mkubwa ni Remington 700, iliyotoka mwaka 1962 na ambayo pengine ndiyo bunduki inayobadilishwa triga kuliko zote Marekani. Triga yake ya zamani, iliyobuniwa na Mike Walker, ina kipande kidogo cha kiunganishi ambacho hakikufungwa moja kwa moja na triga. Wakosoaji walidai kwamba uchafu au kutu vikiingia pale, kipande hakirudi vizuri mahali pake na bunduki inaweza kufyatuka sefti, yaani kile kijiti cha usalama, inaposukumwa mbele. Kampuni ilikanusha kwamba muundo ule una kasoro. Mwaka 2000 huko Montana, mtoto wa miaka 9 aliuawa bunduki ya aina hiyo ilipofyatuka wakati mama yake anaondoa sefti ili atoe risasi, na familia ilisema triga haikuguswa. Kwenye modeli za kabla ya 1982 sefti ilifunga boliti pia, hivyo ulilazimika kuiondoa ndipo utoe risasi chemba. Kisha mwaka 2014 kampuni ilirejesha kiwandani bunduki zenye triga mpya zaidi, X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zifyatuke zenyewe. Ukinunua Remington iliyotumika, tazama uso wa triga: ya zamani ina mifereji, X-Mark Pro ni laini. Uliza ilishafanyiwa nini, na kama muuzaji hana jibu, hesabu bei ya triga mpya ndani ya bei ya bunduki. Hapa kubadilisha triga si anasa.

Ukishaamua, hakikisha kitu kinaingia. Jina la bunduki halitoshi. Unahitaji modeli, urefu wa chuma chake, upande wa boliti (kulia au kushoto), mahali ilipo sefti, na kama kizuizi cha boliti kinaachiliwa kwa kitufe kilicho mbele ya triga au kwa njia nyingine. Triga nyingine huja na sefti yake, nyingine hutumia ile ya zamani. Nyingine ni pana kuliko ya kiwandani na mti utahitaji kuchongwa kidogo. Watengenezaji wa triga kama Timney wa Arizona na TriggerTech wa Kanada, ambao hawa wa pili hutumia kigurudumu kidogo kinachobingirika kati ya meno ili kupunguza msuguano, wote huorodhesha haya kwa kila modeli. Soma orodha hiyo mpaka mwisho.

Nani afunge? Kwenye Remington 700 triga inashikiliwa na pini mbili, na ukizitoa ovyo kizuizi cha boliti na springi yake ndogo vinaruka. Si kazi ngumu kwa mtu mtulivu mwenye vifaa sahihi, lakini kama hujawahi, mpelekee fundi bunduki na usione haya. Kuna kitu kimoja ambacho asikifanye mtu nyumbani kabisa: kusugua meno ya triga kwa jiwe au sandpepa. Ngozi ngumu ya chuma ikiondoka, jino linaisha haraka, na bunduki iliyokuwa salama Jumamosi inaweza isiwe salama mwezi unaofuata. Gundi ya skrubu iwe tone dogo upande wa nje, isitiririke ndani. Mafuta nayo yasizidi, maana kwenye baridi kali hugandana na kulizuia jino lisirudi. Fuata anachosema mtengenezaji, na wengi husema ndani paachwe pakavu.

Baada ya kufunga, bunduki ikiwa tupu na imethibitishwa tupu na watu wawili, ifanyie majaribio haya. Funga boliti kwa nguvu mara nyingi, pini isiachie hata mara moja. Gonga kitako juu ya mpira au zulia nene sakafuni, kisha gonga pande za bunduki kwa kiganja. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti huku kidole kiko mbali. Bunduki isifyatuke. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, lirudie mpaka uchoke, na ulirudie upya kila unapogusa skrubu ya uzito. Ikiachia mara moja tu kati ya zote, usitafute maelezo wala usiseme labda uligusa. Ongeza uzito au rudisha triga kwa aliyeiuza.

Sheria nayo iangaliwe mapema. Kwa bunduki za kujijazia zenyewe nchini Marekani, kifaa chochote kinachofanya mvuto mmoja utoe risasi zaidi ya moja kinahesabiwa kuwa bunduki ya rashasha chini ya sheria ya 1934, na majimbo yana masharti yao juu ya hiyo. Triga hizo za ajabu ziache. Tanzania, silaha inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usibadilishe sehemu yoyote bila kuuliza polisi waliokupa leseni na fundi anayetambuliwa. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo swali hili ni la wapiga shabaha wa klabu, nao wana masharti ya leseni. Na wanaoshindana wasome kanuni kwanza: bunduki ya kijeshi katika mashindano ya Marekani lazima triga yake ibebe ratili nne na nusu, karibu kilo mbili, na bunduki sanifu ya mita 300 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, haishuki chini ya gramu 1,500. Mizani ya mwamuzi haitajali ulilipa kiasi gani.

Siku ya kwanza uwanjani, tia risasi moja moja. Usijaze magazini mpaka umepiga za kutosha na kila kitu kimekaa sawa, kisha hakiki darubini upya, kwa sababu ulifungua mti na kuufunga. Andika uzito uliopima na tarehe, uweke karatasi hiyo ndani ya sanduku la bunduki. Kabla ya msimu ujao pima tena. Ukikuta namba imeshuka na hujagusa skrubu, bunduki hiyo isiende porini mpaka fundi aione.