Namna ya kusoma maisha ya gavana wa zamani wa Marekani, tumchukue Altgeld wa Illinois

Ukitaka kumjua gavana wa Marekani wa karne ya 19 usianze na alikozaliwa, anza na ile karatasi aliyosaini ikamponza. Kwa John Peter Altgeld ni msamaha wa tarehe 26 Juni 1893, utafute uusome wote, ni mrefu kweli lakini humo ndo unamsikia mwenyewe.

Kabla hujausoma weka hesabu sawa, wengi wanakosea hapa. Baada ya bomu kurushiwa polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi pale Haymarket, Chicago, Mei 1886, watu 8 walitiwa hatiani, 4 wakanyongwa 1887, mmoja alikuwa amefia selo siku moja kabla, kwa hiyo Altgeld aliwakuta gerezani watatu tu: Fielden, Neebe na Schwab. Sasa soma na kalamu mkononi, pigia mstari kila sababu anayotoa. Angeweza kusema tu nawahurumia, akawaachia, yakaisha. Yeye akaandika kwamba juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, ilipangwa, jaji Gary aliyeendesha kesi alikuwa na upande na aliyerusha bomu hakuwahi kujulikana. Mimi naona hapo ndo alipo Altgeld mzima, hakutaka waonekane wamehurumiwa wakati walionewa.

Alafu ndo urudi nyuma, ukitafuta hayo maneno yalianzia wapi. Alizaliwa Ujerumani 1847, akapelekwa Ohio akiwa mchanga, miaka 16 akaenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, baadaye ualimu, sheria kule Missouri, kisha Chicago 1875 akatajirika kwa majengo. Usiruke 1884, mwaka huo alitoa kitabu kuhusu magereza yanavyowameza maskini, yaani miaka 9 kabla ya msamaha alishakuwa na hiyo hoja.

Magazeti ya wakati ule yasome mwishoni, yalimchafua vibaya, ukianza nayo utabeba hasira zao. Ya mgomo wa Pullman 1894, ule wa wafanyakazi wa reli, yaweke pembeni ya telegramu zake kwa Rais Cleveland, aliyeleta wanajeshi Chicago bila gavana kuomba, uone nani anajibu hoja na nani anatukana tu.

Uchaguzi wa ugavana wa 1896 alishindwa, hapo mstari mmoja unatosha. Ila siku zake za mwisho zipe nafasi, mali imeisha, anafanya kazi kwenye ofisi ya sheria ya wakili Clarence Darrow, na Machi 1902 akaanguka huko Joliet baada ya kuhutubia akiwatetea Makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa wanapigana na Waingereza, kesho yake akafariki.