Umeshika pea kubwa, flopu imeshuka, sasa?

Wasee kwanza tuelewane, siongei juu ya ile poka yetu ya kushusha kadi hadi useme "niko kadi". Hii ni Texas Hold'em ya no-limiti, kadi zako mbili mkononi, tano zinafunguliwa mezani, tatu za kwanza kwa mpigo, hizo ndio flopu, alafu moja moja, na saa yoyote mtu anaweza sukuma kila kitu iko mbele yake. Hapa Kisumu tunaicheza Ijumaa usiku kwa jamaa mmoja Manyatta, tuko sita, blaindi, yani beti za lazima za watu wawili kabla ya kuona kadi, ni 10 na 20 na kila mtu anaanza na chipu za 2,000. Na kitu nimeona ikimaliza watu kwa hiyo meza sana sana ni pea kubwa, yani A mbili, K mbili, Q mbili, hizo zinamaliza watu kuliko kadi mbovu juu kadi mbovu unatupa tu na unaendelea na soda yako.

K mbili zinakuja kama mara moja kwa mikono 221. Mtu amekaa akingoja usiku mzima, zikifika hawezi ziachilia tena, hata meza ikimpigia kelele. Na baada ya flopu hiyo bado ni pea moja, usisahau hiyo, hata kama ina taji.

Kazi inaanza kabla ya flopu. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye kadi zozote zinashinda kama mara 85 kwa 100, lakini dhidi ya watu wanne zinashuka hadi kama 56. Kwa hivyo pandisha beti vizuri, kwetu mimi huweka 80 ama 100, si 40, juu 40 kila mtu analipa akisema wacha nione.

Flopu ikishuka usiangalie chipu zako, angalia meza. Uko na Q mbili na meza ni 9-4-2 shepu tatu tofauti, hiyo ni meza kavu, hakuna mtu anakimbiza kitu, beti kidogo kama theluthi ya poti, yani pesa ziko katikati ya meza, mwenye 9 atakulipa, mwenye pea ya 7 pia atakulipa. Lakini meza ikiwa 10-9-7 na flawa mbili, hapo kuna maji mengi, beti ya theluthi ni kuwapea watu lifti ya bure. Chukua hesabu: poti ni 300, ukibeti 100 mwenzako analipa 100 kutafuta 400, anahitaji kushinda mara 20 kwa 100 tu, na mtu mwenye flawa nne (tano za shepu moja zinapiga pea yako) anapata ya tano kwa kadi inayofuata kama mara 19, so hapo karibu umemlipia nauli. Ukibeti 200 anahitaji zaidi ya 28. Akilipa hiyo, anakosea, na makosa yake ndio pesa yako. Ndio maana naanza kubeti mapema kwa meza za maji, nikiwa bado mbele.

Sasa wacha niwaonyeshe mkono mmoja wangu, juu hapa ndio watu wengi wanaumia. Nilikuwa na K mbili, nikapandisha 80, wawili wakalipa, mmoja wao mzee fulani mpole kwa blaindi kubwa, mtu wa kulipa tu na kunyamaza. Blaindi ndogo alitupa, poti ikawa 250. Flopu 9 ya flawa, 8 ya flawa, 3 ya daimondi. Mzee akacheki, yani akapita bila kubeti, nikabeti 170, yule mwingine akatupa, mzee akalipa. Poti 590. Kadi ya nne ikawa 2 ya spedi, kadi ya bure kabisa, haisaidii mtu. Akacheki, nikabeti 380. Akanyamaza kidogo, akapanga chipu zake vizuri na kidole, alafu akasukuma zote, 1,750.

Nilikuwa natakiwa kuongeza 1,370 kwa poti ya 2,720. Hiyo inataka nishinde kama mara 33 kwa 100. Sikuhesabu. Nililipa juu nilikuwa na K mbili na nilikuwa nimezingoja. Mzee alikuwa na 3 mbili, seti tangu flopu, yani 3 tatu, na mimi nilikuwa nabaki na kadi mbili tu za kuniokoa kwa 44, haifiki hata 5 kwa 100. Hata angekuwa na 9 na 8, pea mbili, ningekuwa na kadi nane za kuniokoa, kama 18 kwa 100. Bado haitoshi. Mtu ambaye hajareizi, yani hajapandisha beti, usiku mzima akikurukia na reizi kwa kadi ya nne, pea yako imekufa. Tupa. Kama ni kijana wa kublafu kila saa hiyo ni hesabu ingine, mlipe.

Kitu ingine ya kupima ni chipu zimebaki mara ngapi ya poti. Kwa huo mkono baada ya 80 tulikuwa tumebaki na 1,920 juu ya poti ya 250, zaidi ya mara saba, hapo pea moja haitoshi kuweka shamba lote. Lakini mtu akipandisha 60, wewe ukamrudishia 200 akalipa, poti ni 430 na mmebaki na 1,800, kama mara nne. Hapo kama pea yako iko juu ya kadi zote za mezani, ingia bila kuhangaika sana.

A ikianguka kwa flopu na uko na K mbili, itatokea kama mara 22 kwa 100, usilie wala usikasirikie dila. Beti ndogo moja ama cheki, lipa beti moja ikija, ya pili ikiwa kubwa achana nayo. Q mbili zinakutana na A ama K kwa flopu mara 41, na J mbili zinakutana na kadi kubwa kuzishinda mara 57, kwa hivyo J zizoee kuishi na hofu, cheza poti ndogo.

Ukipata seti wewe mwenyewe, kama mara moja kwa nane na nusu, usijifiche. Naona watu wanacheki cheki wakidhani wanatega, alafu kadi ya tano inaleta flawa na mtego unawanasa wao. Beti flopu, beti kadi ya nne, na kadi ya mwisho kama meza haijabadilika beti tena, angalau nusu ya poti, juu yule mwenye 9 ameshalipa mara mbili na saa hizi anataka tu kuona uko na nini.