Apt ikigoma, usikimbilie kufuta faili la kufuli

Jamani, naomba tuache kupeana ushauri wa kufuta /var/lib/dpkg/lock-frontend kila apt, yaani amri ya kusakinisha na kusasisha vifurushi vya programu, inapogoma kwenye Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux). Kufuli hilo lipo kwa sababu: linazuia programu mbili zisiandike kwenye orodha ya vifurushi kwa wakati mmoja. Ukilifuta wakati kazi inaendelea, unaweza kuiharibu orodha yenyewe, na hapo ndipo shida inapoanza.

Soma kwanza ujumbe wa kosa ambao apt inakuonyesha. Mara nyingi unataja namba ya mchakato ulioshika kufuli, tuseme 2143. Andika kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri):

ps -p 2143

Ukiona unattended-upgr, mashine inajisasisha yenyewe, jambo la kawaida ukishaiwasha tu. Subiri dakika kadhaa, kanywe chai.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, hiyo ni habari nyingine. Vifurushi vingine vinabaki vimefunguliwa lakini havijasanidiwa. Malizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a

kisha

sudo apt --fix-broken install

Amri ya pili huleta vifurushi tegemezi vilivyokosekana. Kabla ya kubonyeza Y, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona ubuntu-desktop humo (kifurushi kinachounganisha mazingira ya kompyuta ya mezani ya Ubuntu), jibu n na uchunguze kwanza.

Ikigoma bado, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski kwa df -h. Diski ikiwa imejaa, sudo apt clean hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kubaki ndani ya folda /var/cache/apt/archives. Programu zako haziguswi.