Windows 7 dukani: chomoa intaneti
Stesheneri yetu hapa Ngamiani, Tanga, bado ina kompyuta ya Windows 7, maana printa yake ya zamani haielewani na matoleo mapya. Tumechomoa waya wa intaneti na kuzima Wi-Fi kabisa. Inachapa tu, barua pepe tunafungulia kwenye simu. Kwa watumiaji wa kawaida, Microsoft iliacha kuiboresha usalama tarehe 14 Januari 2020, hivyo tundu jipya likigunduliwa halizibwi. Bila mtandao, mdukuzi wa mbali hana pa kupitia. Njia hii haizuii virusi vinavyokuja na flashi za wateja, na hapo ndipo tuwe macho: ukiona folda zote zimegeuka vialama vyenye kimshale kidogo pembeni, tafadhali usibofye hata kimoja, chomoa flashi kwanza.